Kilichoachwa Kwenye Korido

Jumatatu, 10 Machi

Mvua bado. Kila alasiri mawingu hujikusanya upande wa Ngong, kisha hutawanyika bila kutoa hata tone.

Nimefungua daftari hili kwa sababu kazi iliyo mbele yetu ina tarehe, na kazi yenye tarehe huhitaji shahidi. Jumamosi ya tarehe 17 Mei itatimia mwaka mmoja tangu tumzike Ochola. Familia itasafiri nyumbani Ugenya kwa ibada ya ukumbusho, na Ivyne, bintiye wa kwanza, anataka watu waisikie sauti ya babake siku hiyo. Sauti ipo. Niliinasa mwenyewe kando ya kitanda chake hospitalini, siku sita kabla hajafariki. Ni dakika arobaini na moja. Aliwataja watu wa ukoo wetu, kuanzia kwake kurudi nyuma hadi mzee wa kumi na mbili, kisha akawaaga watoto wake. Lakini mvua ilikuwa ikipiga mabati ya wodi, feni ilikuwa ikilia, na sauti yake ilikuwa imebaki nyembamba kama uzi. Ili isikike kanisani, lazima isafishwe na programu maalumu. Programu hiyo tumeijaribu mara nne kwenye seva yetu. Kila mara hufika dakika ya kumi na moja ikafa.

Seva yetu ni ndogo. Lazima ipanuliwe.

Jumatano, 12 Machi

Ofisi yetu ni chumba kimoja juu ya duka la vitambaa la Huzefa, Mtaa wa Biashara. Alitupa chumba hicho mimi na Ochola tulipostaafu, Ochola kutoka uhandisi na mimi kutoka ualimu wa fizikia, tukaanza kunasa sauti za wazee wa kwetu: nyimbo, nasaba, maombolezo, majina ya mitishamba. Miaka kumi na mbili sasa. Rekodi ni elfu moja mia tatu na sita, na wengi wa waliozungumza wamekwisha kuzikwa.

Leo Huzefa amepanda na vikombe viwili vya chai ya tangawizi.

"Mwalimu, hiyo kompyuta yenu inakaa wapi hasa?"

"Ng'ambo. Ndani ya jumba lenye maelfu ya kompyuta."

"Umewahi kuiona?"

"Sijawahi."

"Miaka yote hiyo unapanga chumba hujaona hata mlango! Mimi mpangaji akinyamaza siku mbili tu, napanda ngazi kumwangalia."

Nikamweleza. Kompyuta moja kubwa hugawanywa na kupangishwa kwa watu wengi, kama duka la zamani la Moi Avenue linavyogawanywa kwa mbao na vioo likawa stoli ishirini. Mwenye stoli huiona kama duka kamili, ana mlango wake na kufuli lake, kumbe ukuta wake ni ubao tu. Ndiyo maana huitwa mashine pepe. Ukitaka nafasi zaidi, hununui jengo. Unaingia kwenye dashibodi, ukurasa wa mwenye jengo, unachagua kipimo kikubwa zaidi, naye husogeza ubao. Lakini kwanza lazima ufunge stoli.

"Na bidhaa zangu?"

"Zilizo kwenye rafu zako, yaani kwenye diski, hubaki salama. Ila mbele ya kila stoli kuna kikorido. Huitwa diski ya muda. Ni mahali pazuri pa kuweka kitu haraka, pana nafasi na hapana usumbufu. Lakini siku ya kusogeza ubao wafagiaji hupita, na kilichoachwa kwenye korido hakirudi."

"Kama mizigo ya wachuuzi hapo nje askari wa kanjo wakipita," akasema Huzefa, akanywa chai yake.

Nilifurahia mfano huo wa korido. Nimeuandika ili niutumie tena.

Jumamosi, 15 Machi

Vumbi. Hapa kwangu Jamhuri maji yamekatika tangu jana.

Ijumaa, 21 Machi

Ivyne alikuja saa ya chakula cha mchana. Anafanya kazi kitengo cha kompyuta katika kampuni ya bima huko Upper Hill. Ana miaka thelathini na minne, na hutembea kama mtu anayefukuzwa. Mimi pia huniita Baba, kwa kuwa ni ndugu wa babake kiukoo.

"Baba, hii ni kazi ya dakika kumi. Nipe password, nitabonyeza nikiwa kwa ofisi. Kabla chai ipoe imewaka tena."

"La," nikamwambia.

Nitaandika sababu, kwa kuwa alitoka akitikisa kichwa. Kwetu, msimu wa kupanda ukifika, mdogo hatangulii mkubwa. Nyumba ya kifungua mimba hutia mbegu ya kwanza ardhini, kisha wengine hufuata. Anayemtangulia mkubwa huvunja kitu ambacho si rahisi kukiunga. Ochola alikuwa mkubwa wangu katika ukoo, na kazi hii ilikuwa yake. Akaunti ya seva bado ina jina lake. Tangu tumzike hatujafanya kazi yoyote ya kuizima. Kwa hiyo mkono wa kwanza ni wa mjane wake, Milcah.

"Baba, hii si shamba. Ni menyu."

"Hata menyu ina aliyeifungua kwanza."

"Haya. Lakini Mum hata simu ya kupangusa humshinda, na wewe unataka afanye kazi ya seva."

"Atabonyeza mara moja tu. Mengine nitamweleza."

"Ah, hiyo ya kueleza sina wasiwasi nayo," akasema, na tukacheka wote wawili.

Jumatatu, 24 Machi

Mvua imeanza saa tisa alasiri.

Jumamosi, 29 Machi

Nilikwenda Mountain View kumwona Milcah. Alikuwa muuguzi miaka thelathini na minane, na bado huketi wima kama mtu aliye zamu. Kiti cha Ochola kimebaki kando ya dirisha, kimefunikwa kitambaa. Nilimweleza mambo ya stoli na ubao. Alisikiliza mpaka mwisho bila kugusa chai yake.

"Shemeji, ikizimwa, inakumbuka?"

"Inakumbuka kila kitu."

"Imekuwa ikiwaka tangu lini?"

"Tangu Ochola aiwashe. Leo ni siku elfu moja mia moja arobaini na tisa. Haijazimika hata mara moja."

Akatazama dirishani. Mvua ilikuwa ikiteremka juu ya Waiyaki Way, magari yamesimama kuelekea Kinoo.

"Kwa hiyo kuna kitu alikiwasha, na bado kinawaka."

"Ndiyo."

"Basi niache kwanza. Nitakuja. Usinihimize."

Nilirudi nyumbani nikiwa na hasira kidogo. Niliona ni ukaidi wa mtu asiyejua mashine.

Alhamisi, 3 Aprili

Nimejaribu tena programu. Imekufa dakika ya kumi na moja.

Jumatano, 9 Aprili

Dakika ya kumi na moja. Mvua imeingia dukani kwa Huzefa, tumenyanyua majora ya kitambaa hadi juu ya kaunta.

Jumatatu, 14 Aprili

Ivyne amenipigia simu. "Baba, wiki zimebaki tano. Mum amesema nini?" Nikamwambia hajasema. "Na bado tunamngoja?" Bado. Alikata bila kuaga. Nimeanza kumwona kama mtu asiyejua anatoka wapi.

Ijumaa Kuu, 18 Aprili

Kanisani Milcah aliketi safu ya mbele. Tulipotoka aliniambia, "Jumamosi baada ya Pasaka."

Jumamosi, 26 Aprili

Lazima niandike yote, kwa mpangilio wake, ingawa mkono hautaki.

Milcah alifika saa nne asubuhi, amevaa gauni la kitenge la kijani na kitambaa kichwani, kama mtu aendaye harusini au mazishini. Huzefa alimpandisha ngazi akimshika kiwiko. "Karibu, mama. Leo fundi ni wewe." Ivyne alikuwa ameshafungua dashibodi. Juu kulikuwa na jina la seva na kitone cha kijani. Siku elfu moja mia moja sabini na saba.

Tulisali kwanza. Kisha Ivyne akaonyesha: kipimo cha sasa, kipimo kipya chenye nafasi mara nne, na kitufe cha kuthibitisha. Chini ya kitufe kulikuwa na maandishi madogo ya njano. Niliyasoma kwa sauti, tena nikayafasiri: "Data iliyo kwenye diski ya muda itapotea." Nikawaeleza ule mfano wa korido na wafagiaji. Huzefa akaitikia kwa kichwa kama mwanafunzi anayelijua jibu.

Ivyne akauliza, "Baba, kuna kitu yetu huko?"

Nikajibu, "Hakuna."

"Na backup ya diski?"

"Ipo, ya jana."

Nikamwekea Milcah mkono juu ya kipanya. Mkono wake ulikuwa baridi. Akasema jina la Ochola, jina lake la nyumbani, si lile la ubatizo. Kisha akabonyeza.

Kitone kikawa kijivu.

"Nimeiua?" akauliza.

"Inalala tu, shemeji."

Tulingoja dakika saba. Kitone kikarudi kijani, na hesabu ya siku ikaanza upya kutoka sufuri. Ivyne akapiga makofi. Milcah alifuta macho kwa kona ya kitambaa chake, akatabasamu, mara ya kwanza kumwona akitabasamu tangu mwaka jana. Huzefa alimwitia teksi, naye Milcah akaenda nyumbani amefurahi.

Nilibaki na Ivyne tuiendeshe programu. Jina la rekodi lilikuwepo kwenye orodha kama kawaida: Ochola, hospitalini, 41:07. Akabonyeza. Faili haipatikani. Akabonyeza tena. Akafungua rekodi nyingine, ya bibi mmoja wa Siaya, ikaimba vizuri. Akafungua nyingine tano. Zote nzima. Akarudi kwa babake. Faili haipatikani.

"Baba," akasema polepole, "hii jina inaelekeza kwa diski ya muda. Nani aliweka hii kitu huko?"

Hapo nilikumbuka, kama mtu anayekumbuka jiko aliloliacha likiwaka. Siku ile nilipotoka hospitalini diski yetu ilikuwa imejaa. Rekodi haikuingia. Nilikuwa nimechoka, macho yamevimba, nikaiweka kwenye korido, kwa muda tu, na jina lake nikalitia kwenye orodha ili lionekane pamoja na mengine. Nikasema nitaihamisha kesho. Kesho yake hali ya Ochola ilibadilika. Mwezi wa tisa tulipanua diski bila kuizima seva, lakini jina lilikuwa kwenye orodha, na sikuwahi kutazama nyuma ya jina. Nakala ya akiba hunakili rafu. Hainakili korido.

"Na kadi ya kinasa sauti?" Ivyne akauliza.

Kadi niliifuta. Huo ndio utaratibu wetu, niliutunga mwenyewe: rekodi ikishaonekana kwenye orodha, futa kadi, imsubiri mzee mwingine.

Ivyne hakupiga kelele. Alifunga kompyuta yake, akaiweka ndani ya begi, akasema, "Ulisoma hiyo onyo kwa sauti, Baba. Ukatufundisha." Akashuka ngazi.

Jumapili, 27 Aprili

Sikwenda kanisani.

Jumanne, 29 Aprili

Kampuni tunayopanga kwake imejibu. Wanasikitika. Kilichokuwa kwenye diski ya muda hakirudi kwa njia yoyote. Wameongeza kiungo cha ukurasa unaoeleza vizuri tofauti ya diski hizo mbili.

Alhamisi, 1 Mei

Sikukuu. Mvua tangu alfajiri. Seva mpya inafanya kazi vizuri mno. Nimeipa rekodi ya bibi wa Siaya, ikaisafisha kwa dakika sita.

Ijumaa, 2 Mei

Ivyne alikuja. Macho yake yalikuwa mekundu, lakini aliketi karibu nami kuliko kawaida.

"Baba, nimefikiria. Tumwambie Mum programu ilishindwa kuisafisha. Kwamba kelele ya mvua ilikuwa mingi. Si uongo mkubwa hivyo. Ilishindwa kweli, mara ngapi?"

"Mara sita."

"Basi. Akijua ni mkono wake ndio ulibonyeza, itamkula. Unamjua."

Nilimtazama, na nikaona nilivyomkosea mwezi mzima. Nilidhani haraka yake ni ukosefu wa heshima. Kumbe yuko tayari kuibeba aibu yangu ili mamake asiumie. Kama ningemwachia abonyeze kutoka ofisini mwezi Machi, rekodi ingepotea vilevile, lakini si kwa mkono wa Milcah. Heshima yangu ndiyo iliyomleta mjane kutoka Mountain View kuja kufanya jambo lile.

Nimemwomba anipe siku mbili.

Jumapili, 4 Mei

Nimekwenda. Waiyaki Way ilikuwa imejaa maji, nikatembea kutoka barabarani suruali imekunjwa. Milcah alinipa taulo, akanipa chai. Aliniuliza kama sauti imesafika.

Nikaanza kueleza. Nilianza na rafu, nikaja kwenye korido, nikaeleza jinsi orodha inavyobeba jina bila kubeba kitu chenyewe. Nilikuwa bado natafuta mfano mzuri zaidi aliponiinulia kiganja.

"Shemeji. Sema neno moja."

"Imepotea."

Akalichukua taulo, akalikunja mara mbili.

"Ni ile siku nilipokuja?"

"Siku hiyo."

"Nani alibonyeza?"

"Kosa ni langu. Niliiweka mahali pabaya, nikasahau, nikaulizwa, nikajibu bila kutazama—"

"Sijauliza kosa ni la nani. Nimeuliza nani alibonyeza."

"Wewe," nikasema.

Akaunyoosha mkono wake wa kulia juu ya goti, akautazama kama mkono wa mgonjwa.

"Kwa hiyo uliniita kwa heshima, nikavaa nguo yangu ya heshima, nikaja nikamzima."

Nilikiweka kikombe mezani.

Akasimama, akachukua kikombe changu kilichokuwa bado kimejaa. "Nenda nyumbani, Mwalimu. Mvua isikukute njiani."

Ameniita Mwalimu. Miaka yote huniita shemeji.

Jumatatu, 5 Mei

Mvua.

Jumanne, 6 Mei

Mvua. Simpigii Milcah simu. Aliwahi kuniambia nisimhimize.

Alhamisi, 8 Mei

Nimepitia orodha yote, rekodi elfu moja mia tatu na tano, moja baada ya nyingine, nikitazama nyuma ya kila jina. Hakuna nyingine kwenye korido. Nimeelewa pia lile swali la Milcah la Machi: inakumbuka? Aliuliza swali ambalo mimi, msomi wa mashine, nilipaswa kuliuliza, na mimi nikamjibu kama mtoto wa darasa la nne.

Jumamosi, 10 Mei

Huzefa amepanda na chai. Alipokuwa akishuka alisema, "Mimi nilikuwepo, Mwalimu. Niliitikia kwa kichwa pamoja na wewe."

Jumanne, 13 Mei

Milcah alikuja leo saa tatu, bila kuitwa, akiwa na Ivyne. Alivaa sweta ya kawaida na viatu vya mpira vyenye tope. Niliinuka kumpa kiti changu. Aliketi, akakivuta kinasa sauti changu kutoka mezani, akakigeuza huku na huku.

"Siku ile hospitalini," akasema, "ulikiwasha hiki, ukakiweka juu ya blanketi. Halafu simu yako ikalia, ukatoka. Unakumbuka ulirudi lini?"

"Ilikuwa inakaribia kwisha."

"Ulirudi amemaliza. Wewe ulikuwa na mashine ya kusikia kwa niaba yako. Mimi sikuwa nayo. Nilikuwa nimemshika mkono, nikamsikia yote."

Ivyne alishika ukingo wa meza. "Mum, unayakumbuka?"

"Niliandika ripoti za wagonjwa miaka thelathini na minane, kila asubuhi, kwa kukumbuka usiku mzima. Wazee kumi na wawili watanishinda?" Akavuta pumzi. "Nitayasema mara moja. Siyo yote. Mengine alinipa mimi."

Nikamwambia, "Shemeji, ngoja nikueleze jinsi ya kukishika, ukikisogeza karibu sana—"

"Mwalimu, leo usinieleze kitu." Halafu, kwa sauti ya chini zaidi: "Na leo bonyeza wewe."

Mdogo hatangulii mkubwa. Lakini mkubwa akimwagiza, hutangulia. Nikabonyeza. Taa nyekundu ikawaka.

Alifumba macho. Alisema jina lake, na jina la baba yake, na siku aliyoolewa. Kisha akasema, "Mume wangu Ochola aliniachia maneno haya nikiwa nimemshika mkono wa kushoto," akaanza kuwataja, mmoja baada ya mwingine, kurudi nyuma, bila kukosea. Kwa mzee wa tisa alisita, akasema hata Ochola alisita pale pale, akakohoa, akaomba maji. Akanyamaza kwa muda ambao mtu hunywa maji. Akaendelea.

Mvua ilikuwa juu ya mabati ya Mtaa wa Biashara. Sikusimama kufunga dirisha. Simu yangu ililia mara moja mfukoni, na sikutoka.

Ijumaa, 16 Mei

Ugenya. Tumefika jioni, barabara ni matope matupu. Rekodi iko kwenye rafu, na nakala mbili mahali pengine, Ivyne amezitazama moja moja kwa macho yake. Programu imeisafisha, lakini Milcah amesema kesho tuwasikilizishe ile isiyosafishwa, yenye mvua.

Kinasa sauti kiko mfukoni mwa koti langu. Kadi sijaifuta.